Kisu cha babu cha Okapi usikipeleke kwenye grenda

Tuma picha ya visu sita vya kukunja kwenye grupu la ukoo uone. Mmoja atauliza unajiandaa na vita ipi. Mwingine atakushauri uviuze haraka, maana "vya mkoloni vina hela". Shangazi ataandika "Mungu atusaidie" na hataongeza neno. Hapa Mwanza kisu tumezoea kukikuta sehemu mbili: Mwaloni Kirumba kikipasua sangara, na kwenye taarifa za polisi kikiwa kielelezo. Mtu anayekusanya visu vya mfukoni, akavitoa kutu, akavinoa na kimojawapo akatembea nacho, hayumo kwenye sehemu hizo, basi watu hawajui wamweke kundi gani.

Sehemu kubwa ya ubishi huu inaisha ukishaelewa vitu viwili: kiungo kinachokunja kisu, na chuma cha bapa lake. Kiungo kinakuambia kisu kinafaa kwa kazi gani na kinaweza kukuumiza vipi. Chuma kinakuambia kisu kisafishwe namna gani na kiachiwe nini. Sheria nayo ipo, tutaifikia.

Tuanze na majina ya sehemu zake. Bapa ni ule ubao wa chuma wenye makali upande mmoja na mgongo upande wa pili. Mpini wa kisu cha kukunja una uwazi katikati, na bapa huingia humo likikunjwa. Kinachoshika bapa na mpini pamoja ni ripiti moja ndogo, na hiyo ndiyo mhimili wa kila kitu. Mgongoni mwa mpini kuna springi, kipande cha chuma kinachokandamiza kitako cha bapa lisifunguke ovyo mfukoni wala lisijifunge ovyo mkononi.

Visu vingi vya zamani, pamoja na vile vidogo vyekundu vya Uswisi, havina kufuli kabisa. Ukikifungua unasikia "tak", springi imekaa mahali pake, basi. Kikikata kwa makali hakina shida. Ukikisukuma kwa ncha, au ukikandamiza mgongo wa bapa, kinaweza kukufungia vidoleni. Ni rahisi kukatwa na visu hivi unapotoboa kitu: mkanda, kopo, jerikeni la mafuta. Kazi ya kutoboa haikihusu kisu kisicho na kufuli.

Wafaransa walipata jibu lao. Joseph Opinel alianza kutengeneza visu vyenye mpini wa mti huko Savoie mwaka 1890, na kuanzia 1955 visu hivyo vikawekewa pete ya chuma shingoni. Ukiizungusha, bapa haliwezi kurudi. Visu vipya vinavyouzwa madukani mjini, vingi vya Kichina, vina bamba jembamba ndani ya mpini ambalo hujipenyeza nyuma ya kitako cha bapa na kulizuia. Linafanya kazi vizuri mpaka mchanga uingie.

Halafu kuna Okapi, na hapa wazee wa kanda hii wana la kusema. Mpini wake ni mrefu wa mti, umepinda kidogo, na mara nyingi una vinyota na miezi midogo ya bati iliyopigiliwa. Mgongoni kuna kipete. Ukiifungua inalia "kra-kra-kra", kwa sababu kitako cha bapa kina meno na springi inaruka jino hadi jino. Ikifika mwisho imejifunga. Kuikunja ni lazima uvute kile kipete ili springi inyanyuke. Mlio huo ndio umeiharibia jina: filamu na ugomvi wa vilabuni vimewafanya watu wausikie kama kitisho. Kwa fundi ni alama tu kwamba meno hayajaisha.

Imetoka wapi

Okapi ilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, ikilenga soko la makoloni ya Kijerumani barani Afrika. Koloni mojawapo ndiyo hii yetu, na Mwanza ilikuwa kituo chao cha utawala hadi Waingereza walipoiteka mwaka 1916. Mnyama okapi mwenyewe, yule wa misitu ya Kongo, alitambulishwa na wanasayansi mwaka 1901, kwa hiyo jina lilikuwa bado la moto. Wajerumani waliondoka, kisu kikaendelea kuja. Mwaka 1988 utengenezaji ulihamia Afrika Kusini, na huko ndiko Okapi za sasa zinakotoka.

Kile chekundu cha Uswisi nacho kina historia yake. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach mwaka 1884, akaanza kulipatia jeshi la Uswisi visu vya askari mwaka 1891, na mwaka 1897 akasajili kile chepesi chenye kizibuo, ambacho visu vyekundu vyote vilivyofuata vimetokana nacho. Jina Victorinox limeunganishwa na jina la mama yake, Victoria, pamoja na neno la Kifaransa linalofupisha "isiyoshika kutu".

Lakini ufuo huu haukungoja meli ya Mjerumani ndipo ujue chuma. Warongo wa upande wa Uzinza walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe yaliyouzwa hadi Usukumani. Ng'ambo ya ziwa, Buhaya, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha mwaka 1978 utafiti uliowashangaza wengi: tanuri za huko zilikuwa zikitoa chuma chenye kaboni, yaani chuma cha kufulia makali, zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita. Kwa hiyo mtu anapokuambia kupenda visu ni tabia ya kizungu, muulize majembe ya bibi yake yalifuliwa na nani.

Kinachoshika kutu na kisichoshika

Chuma cha kisu ni cha aina mbili kubwa. Cha kwanza ni cha kaboni: chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo, chini ya asilimia moja au karibu na hapo. Kinanoleka haraka, kinapata makali ya kiwembe, na kikilala na unyevu usiku mmoja asubuhi kina madoa mekundu. Cha pili ndicho tunachokiita stenlesi. Hiki kimeongezewa kromi, angalau asilimia 10.5. Kromi ikikutana na hewa inatengeneza utando mwembamba mno usioonekana, na huo utando ndio unaozuia kutu isianze.

Muuzaji wa soko la Mlango Mmoja atakuambia, "Kaka, hiki orijino, hata ukizamishe ziwani mwezi mzima hakishiki kutu." Siyo kweli. Utando wa kromi unachubuka, na chumvi au damu ya samaki iliyokaukia kwenye kiungo inautoboa. Stenlesi inachelewa tu kushika kutu.

Kosa jingine lililozoeleka ni la sumaku. Watu wanaamini sumaku ikinata, basi siyo stenlesi. Hiyo inatokana na masufuria na masinki, ambayo mengi yametengenezwa kwa stenlesi yenye nikeli isiyovutwa na sumaku. Stenlesi hiyo haiwezi kutiwa matiko, yaani kukazwa kwa kupashwa moto na kuzamishwa ghafla, kwa hiyo haifai kwa makali. Stenlesi ya visu ni ya aina nyingine, na sumaku inaishika vizuri kabisa. Kukataa kisu kizuri kwa sababu kimenata kwenye sumaku ya spika ya redio ni kujinyima bure. Soma maandishi kwenye bapa: "inox" au "rostfrei" inamaanisha ni stenlesi. Kikiwa hakina neno hilo na ni cha zamani, chukulia ni kaboni.

Sasa tofauti inayowaponza wengi: si kila weusi kwenye bapa ni kutu. Kutu mbaya ni nyekundu au ya kahawia, inamomonyoka, inaacha vishimo. Lakini chuma cha kaboni kinachotumika kumenya maembe, machungwa na vitunguu kinabadilika polepole kuwa kijivu, kisha karibu cheusi, na rangi hiyo haifutiki kwa kitambaa. Huo ni utando mgumu uliotulia, na unakilinda chuma. Ni kama kikaango cha chuma cha chapati: mama aliyekitumia miaka hakisugui mpaka king'ae, kwa sababu anajua weusi ule ndio unaokifanya kisishike kutu. Kisu cha babu chenye bapa la kijivu hakihitaji kung'arishwa. Kinahitaji kufutwa na kupakwa mafuta.

Kukikarabati bila kukiua

Ukikipata kisu cha namna hiyo, kwenye sanduku la marehemu au kwa muuza vyuma chakavu, kwanza kitazame kikiwa kimekunjwa. Bapa ambalo halijaliwa sana na unoaji linajaza uwazi wa mpini vizuri. Kama limenolewa miaka na miaka, utaliona limekonda, na ncha imezama chini sana au imepanda juu ya mpini. Kisha kifungue na ulishike bapa ulitikise kushoto na kulia. Likicheza kidogo, si tatizo. Likicheza kama jino la mtoto wa miaka sita, ripiti imekwisha, na hiyo ni kazi ya fundi.

Anza na kiungo, kabla ya bapa. Dondoshea mafuta ya taa pale kwenye ripiti na kwenye springi, kiache kilale usiku kucha. Kesho yake kifungue na kukifunga taratibu huku ukiongeza matone. Kinachotoka ni tope la kahawia, kisha vitu vya kila aina: nyuzi za mfuko wa suruali, mchanga, tumbaku, hata magamba ya samaki yaliyokauka yakawa kama vipande vya nailoni. Vichokonoe kwa njiti ya mti, siyo kwa msumari. Ukiona tone jipya la mafuta linatoka safi, maliza na tone moja la mafuta ya cherehani.

Kwenye bapa tumia stilwaya laini na mafuta yaleyale, ukisugua kufuata urefu wa bapa. Kila mara futa kwa kitambaa, kutu nyekundu itabaki hapo. Siku kitambaa kinapoacha kuwa chekundu, acha kusugua hata kama bapa bado lina madoa meusi na vishimo. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa kujizuia. Wanataka king'ae kama kipya, wanashika msasa wa maji wa mafundi rangi wa magari, namba 400, halafu namba 1000, halafu wanagundua alama ya kiwanda imefutika. Alama ile ndiyo iliyokuwa inasema kisu kimetoka wapi na lini. Kwa mfano, maneno "W. Germany" yanakuambia kisu kilitoka Ujerumani Magharibi, yaani kati ya 1949 na 1990. Jina la Solingen nalo limelindwa kisheria Ujerumani tangu 1938, kwa hiyo halikupaswa kupigwa kwenye kisu kisichotoka huko, ingawa waigaji hawakosekani. Ukiisugua alama hiyo ikaondoka, umebaki na kipande cha chuma kinachong'aa kisicho na ukoo.

Siki inasaidia pale kutu ilipokuwa sugu kweli, lakini kwa masharti. Ni bapa peke yake linaloingia, siyo mpini wala kiungo. Ni masaa, siyo siku. Siki haijui kutu imeishia wapi, ikimaliza inaendelea na chuma. Likitoka lisuuze kwa maji yenye magadi soda kuua ukali wa siki, likaushe hapohapo, lipake mafuta kabla hujajibu simu.

Na grenda? Hili ndilo ninalolisema kwa sauti kubwa. Mafundi wetu wa kunoa, wale wenye baiskeli iliyofungwa jiwe la kuzunguka, na wale wa grenda za umeme huko Makoroboi na mitaa mingine, ni watu wa maana kwa mapanga na visu vya buchani. Kwa kisu chembamba cha mfukoni ni hatari. Sababu iko kwenye matiko. Mfua chuma alilipasha bapa hadi nyuzi joto 800 hivi, akalizamisha ghafla likawa gumu kama kioo, kisha akalipasha tena taratibu, karibu nyuzi 200, ili lisiwe la kuvunjika. Ugumu wote wa makali umetokana na vipimo hivyo. Grenda inapotoa cheche, makali membamba yanapata moto kuzidi kile kipimo cha pili kwa sekunde chache. Ukiona mstari wa njano iliyoiva, halafu zambarau, halafu bluu karibu na makali, matiko yametoka hapo. Kisu kitakata siku hiyo, kitakuwa butu kesho, na kila ukinoa kitarudi butu. Hakuna kinoo kitakachorudisha ugumu. Mpaka chuma chenye bluu kiliwe chote, au bapa litiwe matiko upya.

Kunoa kwenyewe kufanywe kwa kinoo na maji. Swali la kila mtu ni kulaza bapa kiasi gani. Nyuzi 20 hivi kila upande zinatosha, na hakuna haja ya kifaa: chukua kona ya karatasi, ambayo ni nyuzi 90, ikunje katikati upate 45, ikunje tena upate 22 na nusu. Weka kipande hicho kwenye kinoo, lifananishe bapa nacho, mkono utazoea. Sugua upande mmoja mpaka upande wa pili ukiupapasa kwa kidole, kutoka mgongoni kwenda nje, usikie kitu kinakwaruza: ukingo mwembamba wa chuma uliosukumwa na jiwe. Bila ukingo huo hujafika kwenye makali, unang'arisha mashavu tu. Geuza, fanya vilevile, kisha punguza nguvu, upande mmoja mara moja na mwingine mara moja, na umalizie kwa kulivuta bapa kinyumenyume juu ya mkanda wa ngozi wa zamani. Likikata ukurasa wa gazeti bila kuchana, inatosha.

Kuna wanaoamini kisu butu ni salama kuliko kikali. Kisu butu unakisukuma kwa nguvu, na kikiteleza, nguvu yote inakwenda kwenye mkono ulioshika embe.

Kutembea nacho

Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015 inahusu bunduki, bastola na risasi zake. Kisu cha mfukoni hakikatiwi leseni chini yake. Kinachokuhusu wewe ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inayomgusa mtu anayetembea na silaha hadharani bila sababu ya halali na kwa namna ya kutia watu hofu. Sikiliza maneno hayo: sababu, na namna. Kisu kinachomenya chungwa kwenye kivuko cha Kamanga ni chombo. Kisu hichohicho kikilia "kra-kra-kra" katikati ya ubishi wa baa ya Nyakato saa nne usiku ni silaha, na askari hatakuuliza ni cha mwaka gani. Kwa maoni yangu, Okapi ikae nyumbani kwenye mkusanyiko. Cha kutembea nacho kiwe kidogo, kisicho na mlio, chenye kazi inayoeleweka. Uwanja wa CCM Kirumba, benki na mahakamani usiende nacho kabisa, na uwanja wa ndege kiweke kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, maana la mkononi litakaguliwa na kitachukuliwa.

Kuna sheria nyingine ambayo wakusanyaji wengi hawaifikirii, na adhabu zake ni nzito kuliko hizo. Visu vya zamani vya Sheffield ya Uingereza na Solingen vya bei ya juu wakati mwingine viliwekewa mpini wa pembe za ndovu. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, hiyo ni nyara ya Serikali, na kumiliki bila kibali ni kosa, haijalishi kisu kilinunuliwa na babu wa nani. Mipini myeupe mingi ni mifupa ya ng'ombe au plastiki tu, na tofauti inaonekana kwa kioo cha kukuzia. Mfupa una vidoa vidogo vyeusi au vimistari vifupi, njia za damu za mnyama alipokuwa hai. Plastiki haina kitu, au ina mistari iliyonyooka mno. Pembe ya ndovu, ukiitazama upande uliokatwa, ina mistari myembamba inayopishana kama wavu. Ukiuona wavu huo, mrudishie muuzaji kisu chake uondoke.

Mpini uliopasuka na usiotengenezeka, kanda hii haikosi cha kuubadilishia. Pembe ya ng'ombe iko machinjioni, vipande vya mninga viko kwa kila fundi seremala, na gundi ile ya tyubu mbili za kuchanganya inashika vyote viwili. Ufa mdogo usioteteresha chochote uache.

Kuhusu bei, uzee peke yake hauleti hela. Okapi zilitengenezwa nyingi mno, na iliyonolewa hadi nusu, yenye ripiti ya msumari na mpini uliopakwa vanishi ya milango, thamani yake iko kwa familia iliyoirithi. Zinazotafutwa ni zile zenye bapa zima, alama inayosomeka na meno yanayoshika.

Za kuweka, usiziache ndani ya ala ya ngozi. Ngozi inavuta unyevu, na dawa zilizotumika kuilainisha zinakula chuma, hasa kipindi cha masika ambapo nyumba za karibu na ziwa hata shuka haikauki. Lipake bapa mafuta ya mgando, yale ya kujipaka, maana hayadhuru chakula na hayageuki gundi kama mafuta ya kupikia. Kifunge kwenye kitambaa cha pamba, kitie kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na ukifungue mara moja kwa mwezi uone kama kuna doa jekundu.